Viatu Mlangoni mwa Karavani

Msinicheke sana. Wazazi wetu walipofariki niliacha shule nikiwa darasa la saba, nikawalea wadogo zangu hapa Bungoma ndani ya karavani kuukuu, nyumba ya kuvutwa na gari, ambayo baba aliachiwa na mwajiri wake.

Majuzi nilikodi pikapu ikaivuta hadi Kitale, kwenye yadi ya muuzaji, niibadilishe na ndogo yenye jiko ili nipike chapati sokoni.

"Dada, hii si watu wamekuwa wakilala ndani?" akauliza mwenye yadi. "Za kulala sichukui. Sakafu huwa imeoza."

"Hapana. Tulikuwa tunaweka mahindi tu."

Nilikuwa nimeipiga deki na kung'oa misumari yote ya mapazia. Akaniamini.

"Haya, ingia unionyeshe kama madirisha yanafunga."

Nikapanda, nikafunga la kwanza. Nilipogeuka, nilimkuta ameinama nje akitazama viatu vyangu. Nilikuwa nimevivua na kuvipanga kando ya mlango, kama nifanyavyo kila jioni.

"Ati mahindi?" akasema. "Mahindi gani haya ya kuvuliwa viatu, bana?"

Nikabaki mlangoni kwangu, miguu mitupu.