Mtumbwi Uliooshwa kwa Sabuni

Saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, siku ya Jumanne, niliosha mtumbwi wa baba kwa sabuni. Saa hiyo iko kwenye daftari langu, maana kila hatua ya kazi ile nilikuwa naiandika. Mtumbwi wenyewe si wa majini. Ni gogo lililochongwa likawa kama hori refu, na humo ndizi za pombe hukanyagwa pamoja na majani mpaka zitoe juisi. Baba aliutumia miaka yote niliyomfahamu. Alipofariki ulibaki nyuma ya jiko la mama, kijijini Bweranyange, ukiwa na makoko meusi ambayo hakuna aliyewahi kuyagusa.

Mimi niliyagusa. Niliyalowesha kwa maji ya moto yenye sabuni, nikayasugua kwa brashi ya waya, nikamalizia kwa dawa ya kutakatishia nguo, nikasuuza mara tatu na kuuanika.

Nilikuwa na sababu. Rubisi ya baba, pombe hiyo ya ndizi, ilidumu siku tatu tu, na wanywaji wake walikuwa wanapungua. Nilikuwa nimesoma katika kitabu cha Kiingereza, polepole, kamusi ikiwa pembeni ya cherehani yangu pale mjini Kayanga, kwamba juisi ileile ikitunzwa inaweza kuwa divai ya kukaa mwaka mzima, bila sukari ya dukani wala hamira. Nilijaribu mara mbili. Mara zote mbili ikatoka siki. Nikaamua kwamba mtumbwi ni mchafu.

Mdogo wangu wa kiume, anayelima Kyerwa, alikuwa na maoni mengine. Katika shamba la mama kulikuwa na mashina thelathini na sita ya embire, yaani migomba ya ndizi za pombe, na yeye alitaka kuyang'oa apande kahawa. Mama alisema hatamzuia. Lakini alikuwa ameanza kupita katikati ya migomba ile kila asubuhi, akigusa shina moja moja kama mtu anayeaga. Waliipanda pamoja na baba mwaka walipooana. Tukakubaliana: jaribio la tatu likishindwa, ing'olewe.

Jumatano mdogo wangu alikuja kwa pikipiki kukanyaga, kwani kwetu hiyo ni kazi ya mwanamume. Akautazama mtumbwi, mweupe kana kwamba umechongwa jana.

"Dada, na miguu yangu utaipiga brashi?"

"Ioshe kwa maji tu."

"Afadhali. Nilishaanza kuiaga."

Alikanyaga vizuri, nakiri. Tulipata juisi lita ishirini, tamu sana. Nikaimimina kwenye mtungi wa kioo mpaka shingoni, nikaziba, na kupitisha mpira mwembamba ambao ncha yake ilizama katika chupa ya maji. Juisi ikianza kuchacha, hewa hutokea hapo kwa mapovu. Katika majaribio ya mwanzo juisi niliigawa katika mitungi miwili, kila mmoja ukajaa nusu tu. Safari hii mmoja ulikuwa umepasuka.

Alhamisi hakuna povu. Ijumaa mchana hakuna povu. Rubisi huchacha kwa siku moja.

Mama alikuja akaweka sikio kwenye kioo, kama anavyosikiliza mzinga wa nyuki.

"Kimya. Mtumbwi uliufanyaje?"

Nikamweleza, pamoja na kipimo cha dawa.

"Mwanangu, kinachochachusha kilikuwa humo kwenye makoko. Baba yako aliusuuza kwa maji, basi. Wewe umeosha mpaka pombe yenyewe!"

Akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimesoma kuhusu chachu ya asili na mahali inapoishi: maganda ya matunda, mbao za vyombo vya zamani. Sentensi hiyo nilikuwa nimeipigia mstari.

"Nenda kaombe," akasema mama.

Kijijini kwetu chachu huombwa kama moto. Hulipi, ila kibuyu cha kwanza cha pombe itakayotoka ni cha aliyekupa. Nikaenda kwa jirani, mama mjane ambaye bado anatengeneza rubisi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndiye wewe uliyeogesha mtumbwi?"

Mdogo wangu alikuwa amepita hapo.

"Ndiye mimi."

"Kwa sabuni ya kipande au ya unga?"

"Ya unga. Na dawa."

"Waitu!" Akashika kiuno. "Hukuupiga pasi?"

Hata hivyo alinichotea kikombe cha machicha mazito kutoka chini ya chombo chake. Nilipomshukuru akakataa. "Mtumbwi wangu ulipokuwa mpya haukuchachusha kitu, mpaka baba yako aliponiletea machicha ya kwake. Mimi nimeyatunza tu."

Sina namna ya kuthibitisha kwamba kilichokuwa kikombeni kilitokana na machicha ya baba. Miaka ni mingi. Niliandika kwenye daftari: inawezekana.

Machicha kidogo niliyapaka kwenye mtumbwi, mengine nikayatia mtungini. Jumamosi saa tatu na dakika kumi asubuhi, povu la kwanza. Mama akaleta kigoda, akakaa akilisubiri la pili.

Mtungi ulichukua wiki sita kunyamaza, na haukuwa siki. Ndipo nikaelewa: siki inataka hewa, na mimi ndiye niliyeiachia nafasi katika ile mitungi ya nusu. Mtumbwi haukuwa na kosa lolote.

Chupa ya kwanza nilimpelekea jirani. Ya pili tuliifungua mdogo wangu alipokuja, wiki ya kumi na nne. Alionja, akaonja tena.

"Hii ni ndizi yetu?"

"Na miguu yako."

Akatoka na panga kuelekea shambani. Mama akasimama mlangoni. Mdogo wangu akalifikia shina la kwanza, akaanza kukata majani makavu, akahamia la pili.

Vibarua wa kung'oa, aliopatana nao kwa shilingi elfu tano kila shina, hakuwaita. Zilibaki mfukoni mwake shilingi laki moja na elfu themanini.