Karata ya Nadra

Mama Nadra, jirani yetu, anashona nguo sokoni, na baada ya swala ya Alasiri anapanga karata nyumbani kwake. Jina lake ni Kaltumu, lakini halitumiki mtaani. Wanaokuja kwake ni wanawake wanaobeba vitunguu kwenda Goma kupitia mpaka wa Petite Barrière. Wanataka kujua kesho itakuwaje.

Nilimuomba anifundishe. Nilifikiri ataniambia kopa ni mapenzi, shupaza ni msiba. Akanicheka. Alisema maana za kuazima hazisemi kweli. Unafunua karata ambayo bado haina kitu, unainua macho, na cha kwanza unachokiona kinaingia ndani yake, hata kama ni kuku. Kwake tisa ya pau ni moshi, kwa sababu alipoifunua volkano ilikuwa inafuka dirishani. Tatu ya uru ni binti yake: Nadra aliingia siku hiyo akilia, bado mdogo, kiatu kimoja mkononi.

Sasa Nadra ni mkubwa, anauza vitenge ng'ambo ya mpaka, anavuka kila siku. Na kila asubuhi mama yake anaangalia tatu ya uru imelala karibu na nini.

Jumatano moja nilipotoka shule nilimkuta Mama Nadra amepiga magoti sakafuni. Tatu ya uru haikuwepo. Tulisogeza cherehani, tukakung'uta mkeka, nikatia mkono hadi chini ya gunia la vitambaa. Wapi! Asubuhi alikuwa ameishika, alisema. Simu ya Nadra ilikuwa haipatikani. Nikasema labda ni mtandao. Akaukung'uta mkeka tena.

Jioni Nadra akaingia, mzima kabisa, anatafuna mandazi, akauliza nani amekufa. Mimi nilicheka. Mama yake alimtazama kama wale wa mpakani wanavyolinganisha uso na kitambulisho.

"Toka inje," akamwambia. "Ingia tena. Mi nafunua ingine, ikukamate."

"Mama, nimechoka, we unanichezesha kama mutoto."

"Toka, mwanangu. Ni kidogo tu."

Akatoka. Mama Nadra akachagua mbili ya kopa, ambayo ilikuwa tupu bado, akangoja. Tulisikia ndala za Nadra zikikaribia kwenye changarawe. Pazia la mlango likainuka, likabaki limeinuka, kama vile mtu amelishika. Mama Nadra akafunua, akainua macho. Nami nikatazama.

Hapakuwa na mtu.

Pazia likashuka polepole. Kisha Nadra akaingia, akasema alikuwa ameinama kutoa kijiwe kwenye ndala. Inawezekana. Upepo wa ziwa nao unainua mapazia. Nikamwomba Mama Nadra afunue nyingine. Akatikisa kichwa.

"Ikishaingia, haitoke," akasema. "We nilikufundisha."

Nadra bado anavuka, na bado anarudi. Lakini akipiga hodi mama yake haitiki. Anakaa na sindano mkononi mpaka Nadra aje amguse bega. Hata hapo anambonyeza vidole kwanza, kimoja kimoja, ndipo amkaribishe.

Nadra amechoka na hayo. Juzi aliniambia kwa siri kwamba amepata chumba Goma, atahama mwisho wa mwezi, nisimwambie mama yake. Sijamwambia.

Leo nimepita pale. Mama Nadra alikuwa peke yake, anakunja nguo za Nadra na kuzipanga ndani ya sanduku, taratibu, kama mtu aliyetumwa.