Kiganja cha Upepo

Watu wa mjini wakiniuliza nilivyoanza ukocha, husubiri niwatajie cheti. Cheti sina. Nilianza kwa hasira. Nilikuwa na mwaka mmoja Dzaleka, kambi ya wakimbizi huku Malawi, nauza maandazi kando ya uwanja wa mpira wa kikapu, na kila alasiri nililazimika kuwatazama wasichana kumi wakiukimbilia mpira wote kwa pamoja kama kuku waliomwagiwa mahindi. Mimi mchezo huo niliucheza kwetu Uvira, Kongo, tangu shuleni mpaka nilipoolewa. Siku moja uvumilivu ukanishinda. Niliacha beseni langu, nikaingia uwanjani na kitenge changu kiunoni, nikapiga kelele: "Mupira iko moja tu! Juu ya nini bote munaifwata?"

Walisimama wakanikodolea macho. Nikaona aibu kurudi kwenye maandazi bila kuwaonyesha namna ya kusimama, basi nikawaonyesha. Niliporudi kwenye beseni nusu ya maandazi ilikuwa imeliwa, na kesho yake wasichana walikuja kuniita nyumbani. Tangu siku hiyo ni miaka sita.

Uwanja wetu ni saruji iliyopasuka, uko wazi pande zote, na ringi inayofaa ni moja tu. Ya upande wa pili ilipinda zamani na hakuna aliyeinyoosha. Sote tulirusha kwenye ringi hiyo moja, na saa za mazoezi upepo hutoka kulia. Siuzungumzii upepo wa kupoza chai. Kuanzia Julai unabeba vumbi, unabeba nguo kambani, na mpira wetu uliochakaa unausukuma kushoto huku unautazama. Kocha mwingine angelalamika. Mimi nikautungia kanuni. Kabla ya kuanza, nahodha wangu, fundi cherehani mwenye asili ya Fizi kwetu Kongo na mdomo usiopumzika, alikuwa akiokota vumbi, akalirusha juu, akaangalia linakoelekea, kisha akatangaza. Akisema "Kidole!" kila mmoja alenge upana wa kidole kulia kwa ringi. Akisema "Kiganja!" ujue upepo umekasirika, lenga kiganja kizima.

Timu zilizokuja kucheza nasi zilikosa mpaka zikachoka, sisi tunafunga. Nilitembea kambini nimevimba kichwa, sifichi.

Ndipo akaja mama mmoja wa Lilongwe, mji mkuu. Alikuwa mwenyekiti wa klabu moja ya City Centre, na klabu ilikuwa inaitafutia timu yake ya wanawake kocha, kocha wa kulipwa. Alikuwa amesikia habari zetu, akaja kututazama tukicheza, akakaa kwenye tofali muda wote bila kujifuta vumbi. Baada ya mchezo aliniambia kwa Kiingereza cha polepole kwamba Jumamosi ijayo nilete timu yangu kwenye ukumbi wao, tucheze na timu yake. Akikiona kule alichokiona hapa, kazi ni yangu, na barua ya kuniombea kibali cha kufanya kazi nje ya kambi ataiandika mwenyewe.

Kazi! Tena ya mpira! Nilimsimulia mume wangu mara tatu, na ya tatu akaniambia kwa upole kwamba alisikia tangu ya kwanza. Wiki nzima nilikuwa naunguza maharage na kucheka peke yangu. Nilihangaikia ruhusa za kutoka kambini kwa wasichana wote, nikazipata, nikazibusu. Jumamosi asubuhi pikapu ya kanisa ilitupitisha kwanza soko la Tsoka, kwenye viatu vya kaunjika, kama wanavyoita mitumba huku. Wengine walipata jozi nzuri, wengine walipata vya kuingiza mguu tu, tukasema Mungu ni mwema na tukaenda.

Ukumbi ule! Sakafu ya mbao iling'aa hadi ukaona meno yako. Ringi mbili, zote zimenyooka. Wasichana wangu walivua viatu mlangoni kama wanaingia kwa mtu, ikabidi niwaambie wavae. Watazamaji walikuwa wengi kuliko nilivyotegemea, na yule mwenyekiti alikaa mstari wa mbele, mikono mapajani.

Kabla ya filimbi, nahodha wangu akainama kuokota vumbi. Hakuna vumbi. Akapapasa mbao, watu wakacheka. Yeye hashindwi na watu: akanyanyuka, akarusha mkono mtupu juu, akapaza sauti, "Kiganja!" Mimi pia nilicheka, nikidhani anawafanyia watazamaji mchezo. Mwezi mzima ilikuwa kiganja, kiganja, kiganja. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri zaidi ya hapo, na mimi niliyepaswa kufikiri ndiye niliyecheka kuliko wote.

Tukaanza kukosa. Mpira wa kwanza uligonga ringi upande wa kulia ukatoka. Wa pili, kulia, ukatoka. Wa kumi, kulia. Wenzetu wakawa wanafunga kwa raha zao, na mpaka robo ya pili inakaribia kuisha walikuwa na ishirini na mbili, sisi nne. Nilifoka mpaka sauti ikakwaruza. Niliwalaumu kwa viatu, kwa woga, kwa mihogo waliyokula njiani. Kisha nikamwona mwenyekiti akitoa simu yake na kuanza kuisoma, na nikahisi kazi yangu inatoka mlangoni bila kuaga.

Niliinua uso kumwomba Mungu, na juu ya ringi nikaiona bendera ya klabu. Ilikuwa imening'inia imenyooka chini, haitikisiki hata ncha. Roho ikaniruka. Miaka sita nimewafundisha watoto wa watu kulenga pembeni, na nimewaleta ndani ya nyumba!

Mapumziko walikaa chini wakitazama viatu vyao. Wanasema mchuma janga hula na wa kwao, na pale wa kwangu walikuwa wanakula, mbele ya watu.

"Batoto," nikasema, "humu ndani upepo haiko."

Nahodha akashika kichwa. "Ee Mungu! Mi njo nilisema kiganja."

"We ulisema kenye nilikufunza. Kosa ni yangu. Ile makelele nilibapigia, munisamehe."

Mchezaji wetu mrefu kuliko wote, Mrundi asiyesema neno ila akiulizwa, akainua mkono. "Kocha, kichwa imesikia. Lakini mukono bado haijasikia."

Alisema kweli. Mkono uliozoea miaka haugeuki kwa dakika kumi. Nikawaza haraka kuliko nilivyowahi kuwaza maishani. Nikawaambia: kila mwenzenu akipokea mpira, ninyi wote mlio benchi mpigieni kelele kwa nguvu zenu zote, "Upepo haiko!" Mkono usipotaka kukumbuka, ukumbushwe.

Wakarudi uwanjani. Mpira ukafika kwa yule mrefu, benchi likalipuka: "Upepo haiko!" Akarusha. Ukaingia bila kugusa chuma! Sikujua kama nimeruka mpaka kitenge kikaanguka. Mwingine tena: "Upepo haiko!" Ndani! Wapinzani wakatazamana, wakadhani ni uchawi au ni tusi. Robo ya mwisho watazamaji wenyewe walishakamata wimbo, Wamalawi watu wazima wanaimba "Upepo haiko!" bila kujua wanaimba nini, na mimi nalia, nacheka, nampungia refa. Mwenyekiti alikuwa amesimama. Simu sikuiona tena.

Sekunde zilizobaki zilihesabika kwa vidole, tumelingana, na nahodha wangu akachezewa vibaya akiwa anarusha. Akapewa mipira miwili ya adhabu. Benchi letu likanong'ona tu, "Upepo haiko." Wa kwanza aliulenga kulia, ukatoka, mkono umekumbuka nyumbani. Akafuta viganja kwenye kaptura. Wa pili aliutuma katikati, ukaingia, na tukashinda kwa pointi moja!

Mwenyekiti aliushika mkono wangu kwa mikono yake miwili. "Zikomo, mayi," akasema, yaani asante mama kwa Kichewa, halafu kwa Kiingereza: Jumatatu anza, utafanya nasi mazoezi kila siku, chumba cha kukaa hapa mjini tutakutafutia. Nilisema ndiyo kabla hajamaliza. Nilisema ndiyo mara nne.

Tukarudi kwa pikapu, tukasimama mtaa wa Kawale kula chipsi na kabichi kandokando ya barabara. Wasichana walikuwa wanaigiza mchezo mzima, kila mmoja amekuwa refa, kila mmoja amekuwa mimi kitenge kinaanguka. Niliwaambia habari za Jumatatu. Wakapiga vigelegele, wakanikumbatia, chipsi zikamwagika. Kisha nahodha akauliza, mdomo umejaa:

"Na siye, atatufunza nani?"

Naapa, wiki nzima swali hilo halikuwahi kunipitia. Niliiomba kazi usiku na mchana, nikasahau kwamba kazi ile ni ya kuwaacha. Niliona vibaya, niliona aibu, na bado furaha ilikuwa imenijaa mpaka kooni, haitaki kutoka. Wote walikuwa wananitazama.

"We," nikamwambia. "We njo utabafunza."

Hakushukuru. Hakucheka. Alitafuna taratibu, akameza, akawageukia wenzake kuwahesabu kwa macho kama anawaona mara ya kwanza. Kisha akanigeukia mimi.

"Basi kesho usikuje kwa mazoezi, Mama. Uko kocha ya ba-adversaire sasa. Hatutaki uone."

Wenzake walishika midomo kusikia naitwa kocha wa wapinzani. Mimi nikatikisa kichwa kukubali, maana hivyo ndivyo kocha anavyopaswa kusema; angesema vinginevyo ningemgombeza. Alasiri ya kesho yake nilikuwa nyumbani nafunga vitu vyangu. Nikasikia mpira unaanza kudunda, nikasikia sauti yake akiwapigia kelele, na sikutoka.