Jinzi Niliyoichemsha Siku Tatu

Shemeji yangu Doudou hajawahi kununua suruali. Tangu ujana alivaa jinzi za kaka yake Kangwa, mume wangu. Alizivaa mjini Kipushi akitafuta wachumba, alizivaa kanisani, na moja aliivaa siku ya harusi yangu huku bwana harusi akiitafuta chini ya kitanda. Kurudisha, hapana. Nilikuwa ninakwenda kwake kuzianua mwenyewe kwenye kamba.

Moja tu hakuipata. Kangwa alichimba shaba miaka ishirini, na jinzi hiyo ngumu, ya buluu iliyokolea, aliipenda kama mtoto. Alisema sasa hivi dunia nzima inavaa suruali hizi, mpaka mawaziri, lakini zilianza kwa watu wa kazi nzito: fundi mmoja huko Amerika alichoka kushona mifuko inayochanika, akaigongea vimisumari vya shaba. "Shaba, mama Daniella! Pengine iko ya kwetu." Alinikataza jambo moja: nisiifue kwa maji ya moto. Kitambaa kile hakikuwahi kuoga kiwandani. Kikiona maji ya moto, kinanywea, kinarudi utotoni.

Kangwa alipofariki, Doudou alibeba friji, viti na mapazia yangu. Ilibaki nyumba. Matofali yake niliyafyatua mimi, mimba ikiwa tumboni.

Kwao mrithi huvaa nguo ya marehemu mbele ya ukoo. Mjomba wao, mzee Kabwe, alitangaza: "Siku ya kumaliza matanga, yule ambaye jinzi ya Kangwa itamkaa, nyumba ni yake." Alisema hivyo akimtazama Doudou.

"Shemeji, uifue muzuri," Doudou aliniagiza. "Nisinuke mugodi."

"Nitaifua muzuri sana, shemeji."

Mimi sikusoma, lakini kuchemsha ninajua. Siku tatu, asubuhi hadi mchana, sufuria haikutoka kwenye mbabula. Makaa yaliisha, nikanunua mengine.

Siku yenyewe Doudou aliingia chumbani akiimba. Wimbo ukakatika. Akaita mtu amsaidie. Kisha akaita wa pili. Alitoka akiruka kama kuku aliyefungwa miguu, jinzi imekwama mapajani.

"Kangwa alikuwa mwembamba hivi?" mzee Kabwe aliuliza.

"Ni bukari ya matanga, mjomba! Nimekula mingi juu ya huzuni."

"Vuta tumbo."

Wapwa wawili walimlaza mkekani, wakavuta. Ikapanda. Kifungo kikaingia. Kisha Doudou akapumua.

Kifungo kiliruka juu ya vichwa vyetu, kikatumbukia kwenye kikombe cha munkoyo cha mzee Kabwe.

"Marehemu amekataa," shangazi mmoja alinong'ona.

Nilisimama. "Mjomba, ulisema yule ambaye itamkaa. Hukusema awe mwanamume."

Wapwa walimvua Doudou ile jinzi, na binti yangu Daniella akaingia nayo chumbani. Alitoka upesi, mikono mifukoni, amejifunga mkanda wa baba yake, maana kifungo kilikuwa bado kwa mzee.

"Mutoto mwanamuke na jinzi kwenye matanga!" shangazi alilalamika.

"Inamukaa ao haimukai?" nilimuuliza mjomba.

Mzee Kabwe alikitoa kifungo kwenye kikombe chake. "Inamukaa," alisema.

Suruali aliyokuja nayo Doudou ilikuwa ya Kangwa vilevile. Nilikuwa nimeshaifungia kabatini. Alirudi kwake amejifunga kitenge changu. Mpaka leo hajakirudisha.