Kidole Gumba cha Mama

Juzi jinamizi lilinikaba tena, mwenzangu. Nimetoka zamu ya usiku hospitali, nimejitupa kitandani chali, nimechoka hoi. Mara macho yako wazi, nasikia treni ya Sutton ikipita, lakini mkono haunyanyuki, sauti haitoki, na kifuani kama kuna mtu kanikalia. Na wa kwanza niliyetaka kumwita, wallahi, ni bibi yangu.

Nikaikumbuka nyumba yetu ya utotoni ya Sparkbrook, huku huku ughaibuni, moshi wa mishikaki ya Ladypool Road ukipenya hata dirisha likifungwa. Mama alikuwa akikesha kutunza wazee wa watu, na kulala kwake ni mchana. Jinamizi likamzoea. Akawa anaogopa kulala. Akirudi anajitia kufua, kupiga deki, mpaka siku moja akasinzia wima jikoni, mafuta yako motoni. Nilikuwa mdogo, nikajua mama yangu atakufa.

Bibi, aliyekuja na desturi zake zote kutoka Unguja, akatoa amri. "Kaa miguuni pa mama yako. Ukimsikia anaguna, mshike kidole gumba cha mguu. Usimwite, usimtikise." Nikamjibu kwa Kiingereza kwamba wenzangu wanacheza nje. Akanipa bakuli la vitunguu thomu nimenye, nisije nikasinzia na mimi. Bibi yule!

Basi kila Jumamosi nilikaa pale, mapazia yameshushwa, chumba kinanukia udi. Akiguna, moyo wangu paa! Nakishika kidole kwa nguvu zangu zote. Mama anashtuka, anavuta pumzi, "Alhamdulillahi," kisha anacheka: "Jamani, miguu yangu inanuka mchuzi!" Anageukia ubavu, anakoroma. Nilikuwa nikiupenda mkoromo ule kuliko katuni za televisheni.

Daktari mmoja kazini kanieleza vizuri. Usingizini mwili hulegezwa ili tusiinuke na ndoto zetu. Wakati mwingine akili huamka kabla mwili haujafunguliwa. Uchovu, zamu za kupindua usingizi na kulala chali huzidisha. Hakuna anayemkalia mtu. Namwamini, na hofu imepungua. Bibi naye alikuwa akisema jinamizi humpenda aliyechoka akalala chali.

Bibi tumeshamzika. Mama naye katutoka, na nyumba ile wanakaa wengine. Siku hizi, uchovu usiponishinda, nalala ubavu, kama nilivyofunzwa. Nyumbani niko peke yangu, lakini hata baridi ikiwa kali vipi, mguu mmoja nauacha nje ya blanketi.