Walioachwa na Mguu Juu

Pale Rishikesh, mji wa yoga kule India, ukirusha jiwe bila kulenga utampiga mwalimu wa yoga, na jiwe likidunda litampata wa pili. Harshmani Dobhal alikuwa mmoja wao, na enzi zake aliogopwa. Ukumbi wake ulikuwa juu ya duka la vyombo vya shaba, na mgeni aliyepita chini asubuhi angeapa kwamba huko juu watu wanang'olewa meno.

Dobhal hakuwa na saa ukumbini. Saa yake ilikuwa miguno. Aliwaweka wanafunzi kwenye mkao, mguu juu, kisha akaanza soga zake: bei ya samli, ujinga wa manispaa, na yule swami, mtawa wa Kihindu wa ng'ambo ya mto, anayepaka ndevu rangi. Mtu mmoja akiguna, Dobhal alisonga mbele na hadithi. Ukumbi mzima ukiguna kama ng'ombe waliocheleweshwa kukamuliwa, hapo ndipo aliposema, "Haya, shusheni." Mwalimu wake alimfundisha hivyo hivyo, na hakuna aliyewahi kufa.

Lakini siku hizi wanafunzi walikimbilia kumbi zenye vioo na maua. Semwal, mwenye jengo, akamwambia bila kuzunguka kwamba asubuhi zikibaki tupu mpaka sikukuu ya Diwali, ukumbi atapewa mtu wa kuuza kahawa. Bila ukumbi ule Dobhal angekuwa mzee kama wazee wengine, ila mwenye magoti mazuri.

Nautiyal, kijana aliyewahi kuguna chini yake na sasa ana wasikilizaji kila kona ya India, akamshauri aanzishe podikasti. Watu wamsikie wakiwa majumbani, wampende, kisha waje. Alimwonyesha jinsi ya kurekodi kwa simu, akamwonya atafute chumba kisichoingiwa na kengele za hekalu wala honi. Dobhal akajifungia stoo, katikati ya blanketi na gunia la mchele, akaanza.

"Inueni mguu wa kulia," akasema kwa sauti nzito, akaingia kwenye habari za ndevu za swami.

Sasa gunia la mchele haligunagi. Dobhal akasimulia mpaka akajifurahisha mwenyewe, akawabariki wasikilizaji, akazima simu, akakirusha kipindi mtandaoni, akaenda kula. Neno "shusheni" hakulitamka.

Ujumbe ukaanza kumiminika. Mama mmoja wa Pune alisema mumewe alirudi kutoka kazini akamkuta bado mguu juu, akadhani ni kiharusi. Mkuu wa stesheni mstaafu wa Kanpur aliuliza kwa adabu zote: "Guruji, tushushe? Kama ndiyo mafundisho yenyewe, niko tayari kuendelea." Mji mzima ukasikia. Dobhal akipita kibanda cha chai, wanaume walimsalimu kwa kuinua mguu mmoja, vikombe mkononi.

Akajaribu kurekodi huku anatazama saa. Ikawa mbaya zaidi, maana alisikika kama tangazo la treni iliyochelewa.

Siku ya tatu ya mateso hayo, mkewe Kamla akaingia stoo kuchota mchele. Kamla hajawahi kufanya yoga maishani mwake. Husema kupiga deki kunamtosha. Dobhal akamtazama kama mtu aliyeona maji jangwani, na simu inaendelea kurekodi.

"Mama Ritu, hebu inua mguu."

"Niuinue kwa ajili ya nani? Nimefuata mchele."

"Inua tu. Ukichoka, guna."

"Kuguna nilianza siku ya harusi. Wewe tu ndiye hukusikia."

Akauinua hata hivyo, kashika rafu. Dobhal akamrudia swami wake.

"Baba Ritu, huyo swami ndiye anayenishikia mguu? Maliza."

"Bado kidogo."

"Kidogo chako nakijua. Ndicho kilichotuacha bila choo msimu mzima wa mvua."

"Shusheni," akasema Dobhal upesi.

"Mimi nimeshashusha zamani. Hao wengine shauri yao."

Kipindi hicho kiliporushwa, watu walicheka mpaka wakaanguka kwenye mikeka yao. Tangu hapo hawakutaka kipindi kisicho na Kamla. Naye akaweka sharti: hainui mguu mpaka Dobhal awe ameshabandika maharage jikoni.

Siku chache kabla ya Diwali, Semwal akapanda ngazi kufuata funguo. Akakuta viatu vimejaa hadi mlangoni. Ndani walikuwamo akina mama wa Dehradun na Delhi, na yule mzee wa stesheni wa Kanpur na mkongojo wake. Kiti cha mwalimu kakikalia Kamla, anamenya njegere. Dobhal yuko mbele yake, mguu juu, jasho linamtiririka.

Semwal akauliza azungumze na nani kuhusu ukumbi.

"Na mimi," akasema Kamla. "Ila humu hasimami mtu bure. Vua viatu, inua mguu."

Mpaka anaruhusiwa kuushusha, Semwal hakuwa na nguvu za kumfukuza mtu. Mkataba mpya ukaandikwa, kwa jina la Kamla.

Dobhal alisema hilo halimsumbui hata kidogo, maana mtu wa yoga ameshaishinda nafsi yake. Alimwambia hivyo muuza chai, akamwambia kinyozi, akamwambia na ng'ombe mmoja aliyeziba njia, wala hakuna aliyekuwa amemuuliza.