Kibuyu Hakioshwi kwa Sabuni

Enzi zetu hakuna aliyetuambia tulinde mazingira. Tungeyaharibu na nini? Sweta ikichakaa ilifumuliwa, nyuzi zikaviringishwa donge, na muhula uliofuata ulienda shule na sweta mpya yenye mistari ya sweta tatu zilizokwisha kufa. Mkebe wa mafuta ya kupikia ulikuwa ndoo, ukitoboka ukawa wa kupandia maua, ukioza kabisa ukafunika kuku. Hatukuliita jambo hilo jina lolote. Nayasema haya nikiwa na hasira, msomaji mwenzangu, kwa hivyo nivumilie. Ni hasira ya zaidi ya mwezi mmoja sasa, na sehemu yake kubwa inanihusu mimi mwenyewe, jambo linaloniudhi zaidi.

Ilianza Ijumaa moja jioni hapa kwetu Silibwet. Binti yangu Chepkemoi, aliye Gredi ya Sita, alinipa karatasi kutoka shuleni. Kila mtoto alitakiwa alete Jumatatu kazi ya mikono yenye rangi, isiyoharibu mazingira, iliyotokana na maisha ya kila siku ya familia yake. Nilisoma mara mbili. Kusema kweli nilifurahi, maana kwa mara ya kwanza shule ilikuwa imeuliza kitu ninachokijua. Kisha Chepkemoi akanipa karatasi ya pili, aliyoiandika mwenyewe: gundi ya kuyeyusha, glita ya kumetameta, karatasi za manila za rangi sita na maua ya plastiki.

"Kulinda mazingira na maua ya plastiki?" nikamuuliza.

"Si ni ya decoration tu, Mum. Na usiponunua nitaaibika, wote watakuwa nazo."

Nikaenda. Ndiyo, nilienda, mimi ninayepiga domo hapa. Mama Shiru, ambaye ameniuzia madaftari tangu mtoto akiwa chekechea, alikuwa amepanga bidhaa zake kwenye meza nje ya duka kama mtu aliyeisoma hiyo barua ya shule kabla yetu. "Mama Chepkemoi, chukua na hii ya kung'aa," akaniambia. "Wazazi wa Grade Six wote wamechukua hii." Nikasimama pale na waridi la plastiki mkononi, lililotengenezwa sijui nchi gani, eti limfundishe mwanangu maisha ya kwao. Nikalirudisha mezani, nikanunua sukari, nikaenda nyumbani.

Sisi tulikulia Mogogosiek, kwenye shamba dogo la chai la wazazi wangu, nyumba ya udongo, mteremko mbele yake na kijito chini. Kila Desemba mama aliikanda nyumba upya kwa samadi, na sisi watoto tulitumwa kutafuta rangi. Nyekundu tuliichimba kwenye ukingo wa barabara. Nyeupe ilitoka kwenye udongo wa kijitoni, na usipopatikana tulichekecha majivu. Nyeusi, hapo lazima niungame, tulipasua betri za redio kwa jiwe tukachanganya ule unga wake na maji, na mikono ikabaki myeusi hadi Mwaka Mpya. Walimu wa mazingira wa leo wangetuona wangezimia. Kwa hivyo sisemi tulikuwa malaika. Nasema tu kwamba mama alipomaliza, ukanda mweusi chini, mwekundu katikati, na nyeupe ikizunguka madirisha, watu waliokuwa wakipeleka majani ya chai kituoni walitua vikapu kutazama. Na yeye alisema kila mwaka maneno yale yale: "Nyumba haiendi Krismasi bila kuoga."

Mteremko ule ndio uliokuwa uwanja wetu. Mvua ya alasiri ikiisha tulichukua magome ya mgomba, tukayakalia, tukateleza hadi kijitoni tukipiga mayowe. Kaptura na marinda yalichanika matakoni na mama zetu wakayatia viraka vya kitambaa chochote kilichokuwapo, maua, mistari, kipande cha pazia. Ungemtambua mtoto wa mtu kwa kiraka kabla hajageuka. Leo watoto wangu wananunuliwa suruali zilizochanwa dukani, tena ukitaka kuzishona wanalia.

Sasa nije kwenye kibuyu. Kwetu maziwa ya mursik hugandishwa ndani ya kibuyu, ambacho kwa Kipsigis ni sotet. Mama alipewa chake na mama yake siku alipoolewa. Hakuna shughuli iliyokuwa na heshima nyumbani kama kukitayarisha. Alikisuuza kwa maji moto, akakikausha, akachoma kijiti cha senetwet, ule mti wa maua ya manjano, kisha kaa lake akalisugua ndani kwa ufito mrefu uliopondwa ncha ukawa kama brashi. Ndipo maziwa yaliyochemshwa na kupoa yakatiwa humo, yakakaa siku kadhaa. Yalitoka mazito, yenye rangi kidogo ya majivu, yakinukia moshi. Mimi nikiwa mbali na nyumbani, harufu hiyo ndiyo ninayoiita nyumbani.

Nilipokuwa na miaka tisa nilikitoa kibuyu hicho kwenye kigingi cha ua kilipokuwa kikianikwa, nikakifunga mgongoni kwa leso kikawa mtoto wangu, na kwa kuwa mama hamwachi mtoto nyumbani, nikakalia gome la mgomba nikateleza naye. Tulipofika chini mtoto alikuwa na ufa wa urefu wa kidole. Nilifanya nini? Niliiba kipande cha mshumaa, nikauziba ufa kwa nta, nikakirudisha kigingini na kujifanya sijui lolote.

Mama alitia maziwa. Siku ya kukifungua, baba alirudi kutoka zamu yake ya kiwanda cha chai, akamiminiwa kikombe cha kwanza kama kawaida. Mimi nilijificha nyuma ya mlango. Baba akanywa polepole, hadi mwisho, akafuta mdomo, akasema, "Ongeza." Nikajua nimepona. Baba hakuonja kitu! Kisha mama akanywa fundo moja tu, akaweka kikombe chini, akaniita jina langu lote.

Nilingoja kiboko. Laiti ningechapwa, yangekwisha. Badala yake Jumamosi alinikalisha siku nzima. Alichoma msumari motoni, akatoboa matundu madogo pande zote mbili za ufa, akaushona kwa ukanda mwembamba wa ngozi, akaziba kwa utomvu wa mti. Kisha akanimwagia mapajani shanga za mkufu wake uliokatika, nyekundu, nyeupe, kijani, buluu. "Mahali umevunja, papambe mwenyewe," akasema. Nilitunga shanga mpaka jua likashuka. Na hadi leo mgeni akikiona kibuyu kile, macho yake huanzia kwenye ule mstari wa shanga.

Basi Jumamosi ya ile wikendi ya shule nikamchukua Chepkemoi hadi kwa mama, ambaye sasa miaka yake imepita sabini na bado hataki kuambiwa apumzike. Nikamwomba kibuyu tukipeleke shuleni. Mama alikiangalia muda mrefu kabla ya kukitoa. Ndicho cha mwisho alichobaki nacho. Vingine vimevunjika, mimea ya vibuyu ya kutambaa kwenye ua haipandwi tena, na majirani siku hizi wanagandisha mursik kwenye mitungi ya plastiki. "Mpeleke tu," akasema, kana kwamba anamzungumzia mtu. "Hata hivyo nikiondoka ni cha Chepkemoi."

Njia nzima ya kurudi nilimhubiria mtoto. Nilimwambia watoto wa leo hawajui kitu. Nilimwambia kuhusu rangi za udongo, sweta za mistari, mgomba. Kuhusu shanga nilimwambia kwamba ni mapambo tuliyorithi kwa mababu. Ufa sikuutaja. Mshumaa ndio kabisa.

Jumapili baada ya kanisa nilitoka kwenda kuchuma mboga, na niliporudi nilimkuta Chepkemoi amesimama mlangoni, kibuyu kikimetameta mikononi mwake, yeye mwenyewe akimetameta kwa furaha.

"Mum, nimekisaidia. Kilikuwa kinanuka moshi! Nimeosha na ile sabuni ya ndimu, mpaka ndani. Nimeshake sana. Nusa."

Nikanusa. Miaka zaidi ya hamsini ya moshi wa senetwet ilikuwa imeenda na maji ya sinki. Kilinuka kama sahani za hoteli. Sitayaandika yote niliyosema. Nilipiga kelele hadi jirani akazima redio yake asikie vizuri. Nilimwambia hata mtoto mchanga wa Kipsigis anajua kibuyu hakiguswi na sabuni, kwamba sabuni huingia ndani ya gamba isitoke, kwamba amemwua nyanya yake akiwa hai. Ndiyo, nilisema hivyo, na ninaona haya.

"Hukuniambia!" akalia. "Uliongea njia yote na hukuniambia!"

Ni kweli. Mimi sikuwahi kuambiwa pia, lakini nilimwona mama kila wiki akifanya. Huyu angeona wapi? Kwetu maziwa hutoka kwenye pakiti, na pakiti huenda kwenye pipa.

Kibuyu kilienda shuleni Jumatatu kikanukia ndimu darasa zima. Walimu walipozipima kazi, kikashika nafasi ya tatu, nyuma ya bustani ya maua ya plastiki iliyomwagiwa glita. Nilipoambiwa nilicheka kicheko kibaya.

Jumamosi iliyofuata tulikirudisha. Njia ile sikuhubiri. Mama alikipokea, akafungua kifuniko, akanusa, akafunika. Nikatamani anipige mimi.

"Nani?" akauliza.

"Ni mimi, Kogo," Chepkemoi akasema. Kogo ni nyanya kwa lugha yetu. Alisema kwa sauti ndogo, lakini alisema, tena hakujificha nyuma ya mlango wowote.

"Umetumia maji ya moto?"

"Ndiyo, Kogo."

"Hiyo ulifanya vizuri. Mama yako yeye alitumia mshumaa."

Kisha mama akacheka, akacheka mpaka akakohoa, na hadithi yote ikatoka, leso, mgomba, nta, mimi nyuma ya mlango. Chepkemoi akanigeukia akiwa na machozi bado mashavuni.

"Mum! Si ulisema ni mapambo ya mababu?"

Nikainua ndoo, nikaenda kijitoni kuteka maji ambayo hakuna aliyeyaomba.

Jumamosi tatu mfululizo tulikuwa huko. Kibuyu kililowekwa, maji yakabadilishwa, kikaanikwa, kikalowekwa tena. Chepkemoi alitumwa kukata senetwet kando ya kijito, akachoma, akasugua kaa kwa ule ufito mpaka nguo zake za kutokea zikaharibika, nami nikauma ulimi. Mwishoni mama akamwambia maneno yale yale, mahali umevunja papambe mwenyewe. Mtoto akafikiri, akasema sabuni iliingilia mdomoni. Akakata bangili yake, akashona shanga zake kuzunguka shingo ya kibuyu. Ni za plastiki. Za waridi, zenye nyota za kung'aa ndani! Nikafungua mdomo, mama akaniangalia, nikaufunga.

Nyumba ile ya udongo haipo tena. Mahali pake pana ya matofali iliyopakwa rangi ya mkebe, nzuri, safi, na hakuna mtu anayetua kikapu kuitazama. Mteremko umepandwa chai hadi kijitoni, hakuna pa kuteleza, na hata pangekuwapo, nani angeacha simu? Baba naye tulimzika juu ya mteremko huohuo. Huwa nasema sisi tulipata utoto na hawa wamepata vifaa, na nilikuwa nimepanga kumaliza hivyo.

Lakini Jumamosi iliyopita kibuyu kilifunguliwa kwa mara ya kwanza. Mama alimpa Chepkemoi heshima ya kubeba kikombe cha kwanza, na Chepkemoi akaniletea mimi. Kisha akasimama palepale akinitazama mdomo. Nikaonja. Moshi ulikuwapo, ukali wake ulikuwapo, na nyuma yake kabisa, bila shaka yoyote, ndimu.

Miaka hii yote nimeamini baba hakuonja ule mshumaa.

Nikanywa polepole, hadi mwisho. Nikafuta mdomo, nikamnyooshea mwanangu kikombe.

"Ongeza," nikamwambia.